Uzoefu wangu na Jagged Little Pill ya Alanis Morissette: ugumu wake umo kooni

Wiki ya tatu sasa naenda kazini na albamu hii masikioni, Mbagala hadi Posta, asubuhi na jioni. Ina dakika kama 57, na foleni ya Barabara ya Kilwa inaimaliza bila shida. Jioni nafundisha kwaya. Kazi yangu kubwa huko ni kuwalainishia watu sauti, ndiyo maana albamu hii imenigusa penyewe.

Nilianza na alikotoka, na nakushauri ufanye hivyo. Mwaka 1991 Alanis alikuwa binti wa miaka 16 kutoka Ottawa, Kanada, anaimba pop ya kucheza, midundo ya mashine, na nyumbani kwao albamu ikauza vizuri. Ya pili, 1992, haikufika huko. Nilitafuta wimbo wa Too Hot nikausikiliza mara nne. Sauti nzuri kabisa, imepigwa pasi, kila noti imekaa mahali pake. Kwenye mazoezi ningempigia makofi. Kufika nyumbani sikuukumbuka.

Halafu ukafungua Jagged Little Pill ya Juni 1995, albamu ya roki, unajiuliza kama ni mtu yuleyule.

Kilichonishangaza ni kwamba aliyemsaidia kugeuka si mtu wa roki. Alikwenda Los Angeles, akakutana na Glen Ballard, mmoja wa watunzi wawili wa Man in the Mirror aliyoimba Michael Jackson. Pop tupu! Lakini wakawa wanatunga na kurekodi papo hapo, na sehemu kubwa ya sauti unazosikia ndizo zile za majaribio, alizoimba mara moja au mbili wimbo ukiwa bado wa moto. Hawakurudi kuzinyoosha. Hapo ndipo ilipo siri yote, kwa maoni yangu.

Chukua You Oughta Know, wimbo wa pili. Vaa spika za masikioni, tafadhali, usiusikilizie kwenye simu mezani. Anaanza chini, kama mtu anayemtakia heri mpenzi wake wa zamani kwa adabu zote, na unasikia adabu yenyewe imebana meno. Besi ya Flea, wa kundi la roki la Red Hot Chili Peppers, inahangaika huku chini, haitulii, na gitaa la mwenzake Dave Navarro linasubiri. Kiitikio kinapofika, sauti inapasuka. Pumzi anazivuta hadharani, maneno mengine anayasukuma mpaka yanakwaruza. Mwimbaji wangu wa sauti ya pili angefanya hivyo ningemsimamisha, "rudia, binti yangu, vuta pumzi kwa tumbo." Na ningekuwa nimeua wimbo.

Perfect nao uliniliza kwenye daladala, sioni aibu kusema. Ni gitaa na maneno ya mzazi anayemwambia mtoto kwamba atapendwa akishinda. Unaanza kama wa kubembeleza, unaishia kwa kelele. Nimewaambia watoto wa watu maneno yanayokaribiana sana na hayo, tukiwa tunajiandaa na mashindano.

Kasoro zipo. Ngoma za mashine hazikuondoka zote. Kwenye Hand in My Pocket zinasikika waziwazi, na leo zinaonyesha umri, ingawa harmonika anayopuliza mwenyewe inauokoa wimbo. Anayetaka magitaa yanayofoka mwanzo mwisho atachoka kwenye Head Over Feet, ambao ni wimbo mpole wa mapenzi. Mimi naupenda. Pia kuna maneno makali, kwa hiyo usiifungulie sebuleni wakwe wakiwa wamekuja.

Tuzo na mauzo utayasoma popote: Grammy 4 mwaka 1996, ikiwemo Albamu ya Mwaka akiwa na miaka 21, na nakala zaidi ya milioni 30. Yamestahili.

Jambo moja usilikose. Nyimbo zikiisha, wimbo wa pili unarudiwa kwa mpangilio mwingine kidogo, kisha kimya. Wengi huzima hapo. Ngoja. Kwenye kimya kile anatokea peke yake, hakuna gitaa, hakuna ngoma, ni sauti tu inayosimulia mwanamke aliyeingia nyumbani kwa mpenzi wake bila kualikwa na akakuta barua. Siku ya kwanza ilinikuta nimeshashuka, nimesimama kituoni Rangi Tatu na mkoba begani, bodaboda wananiita, "mama, twende?" Nikawaonyesha mkono, wasubiri. Noti mbili zilikuwa zinatetemeka, na nilitaka kusikia zinatua wapi.