Apatimenti mpya Kijitonyama: taili kali, hewa hakuna

Jengo silitaji jina, ni la ghorofa sita, mimi nimepanga ya nne, vyumba viwili na sebule kwa laki sita na nusu, na dalali anataka miezi sita kwa mkupuo. Kwa macho ni zuri sana aisee: taili zinang'aa, jipsam ya taa taa, kabati za jiko safi. Maji hayajawahi kukata, kuna tenki kubwa chini na pampu, na umeme ukikatika jenereta inabeba lifti. Hapo nawapa hongera zao.

Sasa joto. Nyumba yangu madirisha yote yako upande mmoja, magharibi, nyuma ni koridoo imeziba. Upepo ukiingia hauna pa kutokea kwahiyo hauingii kabisa, na jua la kuanzia saa tisa linapiga kioo cha dirisha la alumini moja kwa moja bila hata kibaraza cha kulizuia, ukuta unashika moto mpaka saa nne usiku, pangaboi linazungusha joto tu, AC inakula uniti za LUKU, umeme wa kulipia kabla, kama hazina mwenyewe. Na Dar upepo wetu unajulikana jamani, kusi na kaskazi, wavuvi wanaujua, iweje mtu anachora jengo lote haukumbuki? Jua letu la mchana liko karibu utosini, ukuta wa kaskazini au kusini unaukinga kwa kibaraza kidogo tu, ila wa magharibi jua linakuja limelala. Flati za zamani za Upanga zimechakaa ndio, lakini ingia uone, dirisha huku na huku, ngazi zimejengwa kwa matofali ya matundu, mchana hata taa huwashi.

Kinachoninyima usingizi zaidi ni ngazi. Iko moja tu, imezunguka lifti, haina dirisha hata moja. Jiko la gesi likilipuka ghorofa ya kwanza, moshi wote unapanda humo humo tunamotakiwa kushukia, mlango wa paa una kufuli, na madirisha yamepigwa grili zisizofunguka. Nina watoto wawili. Tangu lile ghorofa la Kariakoo lidondoke Novemba 16, 2024 watu wanauliza nguzo na nondo, na ni haki kabisa maana watu walikufa pale, ila na njia ya kutokea nayo tuiulize. Nilimwambia msimamizi grili mbili ziwekewe bawaba na kufuli kwa ndani, akasema ataongea na mwenye nyumba, mpaka leo kimya.

Nyota 2 kati ya 5, zote za maji na jenereta. Ukienda kuangalia nenda saa kumi jioni sio asubuhi, omba nyumba zinazotazama kaskazini, na kabla hujalipa hiyo miezi sita wakufungulie mlango wa paa uone.