Jaketi la Kilimanjaro: manyoya ya bata au poliesta?

Jaketi la baridi hujazwa manyoya ya bata au nyuzi za poliesta. Kwa uzito ule ule, manyoya hutunza joto zaidi na hukunjika yakawa donge dogo. Usiku wa kupanda kutoka kambi ya Barafu kwenda kilele cha Uhuru, mita 5,895, baridi hushuka chini ya sifuri na hewa huwa kavu. Hapo manyoya hayana mpinzani. Tatizo lake ni maji. Yakilowa hugandamana, hewa inayozuia baridi hutoka, na kuyakausha kambini karibu haiwezekani.

Poliesta ni nzito kidogo, ila hata ikilowa bado inatia joto, na hufuliwa kwa sabuni ya kawaida. Manyoya yanataka sabuni laini, kisha kupigwapigwa yakikauka yasifanye mabonge.

Ukinunua mtumba, libonye jaketi la manyoya: likifumuka upesi, bado zima. Limulike pia kwa taa, ukiona vyumba vilivyoshonwa vya kushika manyoya ni vitupu, liache. La poliesta lililolala bapa kama shuka limekwisha, hata liwe bei ya bure.

Anayepanda mara moja kiangazi akodi la manyoya Moshi, na koti la mvua juu yake. Mpagazi anayepita msituni kila wiki, hasa masika, poliesta itamfaa zaidi.