DexDrive: kisomaji cha memori kadi za PlayStation ya kwanza

Memori kadi ya PlayStation ya kwanza ina nafasi ya kilobaiti 128 tu, iliyogawanywa katika bloku 15 za kuhifadhia michezo, na kwa miaka mingi njia pekee aliyokuwa nayo mchezaji wa kawaida ya kumpa mwenzake alichokitengeneza ilikuwa kubeba kadi mpaka nyumbani kwake na kunakili kutoka tundu la kwanza kwenda la pili. DexDrive, kisanduku kilichotolewa na kampuni ya InterAct mwishoni mwa miaka ya 1990, kiliondoa safari hiyo: kadi huchomekwa humo, kebo huungwa kwenye mlango wa siriali wa kompyuta (tundu la zamani la kuunganishia vifaa), na vyote vilivyomo hugeuka faili linaloweza kutumwa popote.

Faida yake inategemea sana kilichomo kwenye kadi. Kumbukumbu inayoonyesha tu kwamba umefika hatua ya mwisho ya mchezo haina uzito mkubwa, kwa kuwa mwingine anaweza kufika huko kwa jasho lake. Kiwanja ulichokijenga katika Tony Hawk's Pro Skater 2, mchezo wa kuteleza kwa ubao wa magurudumu, mwanamieleka uliyemuumba kwa sura na mavazi yake katika mchezo wa mieleka, au mchezo mzima uliotungwa kwa RPG Maker, programu ya kutungia michezo, ni kazi ya mkono isiyokuwa na nakala kwenye diski yoyote. Kadi ikiharibika, kazi hiyo imekwenda. Kwa kazi za namna hii, kifaa hiki kilistahili bei yake.

Jambo ninalolisifu kuliko yote ni faili lenyewe, la aina ya GME. Mbele ya data ya kadi huwekwa utangulizi wa baiti 3,904, na ndani yake mtumiaji anaweza kuandika maelezo ya kila bloku, hivyo anayepokea hujua ni kiwanja gani au ni sura ya ngapi ya hadithi kabla hajawasha konsoli. Utangulizi huohuo ndio uliokuwa kero kwa programu zilizotarajia data ya kadi peke yake, lakini leo MemcardRex, programu ya kompyuta ya kusimamia memori kadi, hulifungua faili hilo na kuligeuza aina nyingine bila shida, na DuckStation, emuleta (programu inayoiga konsoli kwenye kompyuta), nayo hulielewa.

Kasi si ya kujivunia. Data hupita kwenye siriali kidogo kidogo, vipande vya baiti 128, na kadi nzima huchukua zaidi ya nusu dakika kusomwa, jambo ambalo kwa kweli linavumilika. Kinachosumbua zaidi ni kwamba laptopu za sasa hazina mlango wa siriali, kwa hiyo utahitaji adapta ya USB, na programu ya awali iliandikwa kwa ajili ya Windows za zama hizo. Ni afadhali kuiacha na kutumia MemcardRex, ambayo huwasiliana na DexDrive moja kwa moja. Kuwa mwangalifu pia unaporudisha faili la kadi nzima, kwa sababu hufuta bloku zote zilizokuwamo bila kubakiza hata moja.

Wachezaji wa Afrika Mashariki waliotumia diski za Ulaya wanapaswa kujua jambo moja zaidi kabla ya kupakua kazi za wengine. Kila kumbukumbu hubeba namba ya toleo la mchezo, inayoanza kwa mfano na SLUS kwa Marekani na SLES kwa Ulaya, na kwa kawaida toleo moja halitambui kumbukumbu za jingine hata kama mchezo ni uleule.

Kama kadi zako zina maendeleo ya mchezo tu, sikushauri ukitafute kifaa hiki kwa wauzaji wa vitu vilivyotumika. Kama zina viwanja na michezo uliyoitunga mwenyewe, kinunue, unakili kadi zote, na uandike maelezo ya kila bloku wakati bado unakumbuka kilichomo.