TAHADHARI: Muuza dimondi wa Free Fire kanipiga, na akaunti yangu inayowatumia meseji sa hivi SIO MIMI

Wanangu nianze na la muhimu kabla sijaanza kulialia. Kama umepata meseji ndani ya gemu la Free Fire kutoka kwenye akaunti yangu, jina lilelile na kale kanyota mbele, anakwambia "mwanangu niazime elfu tano nakurudishia kwa dimondi" (zile hela za ndani ya gemu), yule sio mimi, usitume hata mia. Wawili wa gildi, kundi letu la gemu, washatuma tayari. Mmoja kanipigia jana ananiuliza mbona kimya, nikakosa pa kuficha uso maana nilikuwa sijamwambia mtu.

Haya nasema sasa. Nimepigwa. Na ndo mimi huyuhuyu niliyemcheka jamaa wa Kigamboni siku tatu nzima alivyopoteza yake. Kaka kama unasoma hapa nisamehe sana.

Jamaa ni muuza dimondi, wengi mnamjua kwa zile statasi zake za skrinshoti, ana lile grupu la Telegram na namba mbili za WhatsApp. Jina sitaji, lenyewe nalo najua sio lake. Sasa msije mkasema nilikuwa fala kirahisi hivyo, mi sikumwamini kwa siku moja. Mara ya kwanza nilichukua dimondi 100 tu kwa buku jero, nikampa UID, ile namba ya mchezaji, dakika nne hazijaisha zimeingia. Mara ya pili 310, zikaingia. Mara ya tatu nilituma hela usiku kumbe kalala, asubuhi kaniwekea dimondi zangu na voisi ya kuomba radhi juu, nyuma unasikia mtoto analia. We tapeli gani anaomba radhi? Siku nyingine kaniambia "bosi wangu nisubiri niswali, nikitoka nakuhudumia", na kweli baada ya dakika ishirini huyo karudi. Mtu kama huyo unaanzaje kumtilia shaka?

Basi ile Ijumaa kaja na ofa, dimondi 2,180 kwa elfu 25. Anayenunua anajua hiyo ni kama bure. Akasema ofa hii ina bonasi yake na lazima aichukulie ndani ya akaunti yenyewe, kwa hiyo nimpe Gmail na paswedi, akimaliza nibadilishe paswedi mwenyewe. Hilo la "utabadilisha mwenyewe" ndo lilinimaliza, nikaona kumbe huyu ananilinda. Nikatuma elfu 25, nikatuma na paswedi.

Nilikuwa kazini. Saa moja usiku, Ijumaa, mnajua kibandani kunakuwaje saa hizo, mafuta yanachemka, nina zege mbili motoni, kuna bodaboda ananipigia honi nimfungie mishikaki yake aondoke. Simu nimeiegemeza kwenye chupa ya tomato. Jamaa akapiga, sauti ya haraka lakini ina adabu, "kaka kuna kitu kinatokea kwenye skrini yako sa hivi, kubali alafu utaona namba tatu, we bonyeza 63". Naangalia, kweli kidirisha cha Google hiki hapa, kinaniuliza kama ni mimi ndo najaribu kuingia, na chini pameandikwa aina ya simu ambayo sijawahi kuimiliki toka nizaliwe. Na niliiona. Niliiona kabisa nikasema ah si ndo simu yake anayofanyia kazi. Nikakubali, zikaja namba tatu, nikabonyeza 63, kidole kina mafuta, haikushika. Hapa ndo naumia mpaka leo. Mungu kanipa nafasi ya pili, mimi nikafuta kidole kwenye aproni nikabonyeza tena vizuri.

"Safi bosi, nipe dakika tano." Nikageuza zege langu.

Muda si mrefu simu ikaanza kunidai paswedi ya Gmail upya. Naweka, inakataa. Naweka ya zamani, inakataa. Nafungua gemu, nakutana na ukurasa wa kulogini kama mgeni. Yule mteja wa zege ananiuliza bro chipsi zinaungua, mi nimesimama tu.

Alafu ajabu hakunibloku. Angenibloku ningejua moja. Yeye akaniambia sistimu imekwama, inahitaji elfu 10 ya kufungulia. Nikatuma. Eeh nilituma, nicheke tu. Akasema kesho. Kesho yake ikawa kesho nyingine, mara umeme umekata, mara yupo msibani, mi namwita "kaka mkubwa", namuomba kama namuomba mkwe. Siku nane. Siku ya tisa picha yake ikapotea, tiki moja mpaka leo.

Sasa sikilizeni kilichonikata maini. Siku ya kumi nikaenda kwa fundi simu, kaniuliza namba ya simu ya kurudishia akaunti imebadilishwa lini, nikamwambia Ijumaa ileile. Akatikisa kichwa. Kumbe Google wakati mwingine wanakubali kukutumia namba za kuthibitisha kwenye simu yako ya zamani ya kurudishia kwa siku 7 tangu ibadilishwe, na inatakiwa ujaribu kwa simu ileile uliyoizoea ukiwa palepale unapokaaga. Siku 7! Mi siku nane nzima namsubiri mwizi atoke msibani.

Akaunti ya tangu 2019 ile. Mhusika DJ Alok yumo, bunduki ya AK ya lile joka la bluu, na bunduki ya MP40 ya Cobra leveli 7, skwadi mnajua ile Cobra ilikula hela gani mwaka 2021 na nani alilala na uji. Na Gmail yenyewe haikuwa ya gemu tu jamani, picha za harusi ya dada zote zilikuwa mle na namba za wateja. Dada bado hajui, mtu asimwambie.

Kituoni nilienda. Askari mmoja kaniuliza "kwa hiyo kakuibia bunduki ya kwenye simu?" chumba kizima kikacheka, na mimi nikacheka, ningefanyaje. Ila RB nimepewa. Na sheria ipo, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kuingia kwenye vitu vya mtu bila ruhusa ni kosa na utapeli wa hivi nao ni kosa, sio utani. Namba zake zote mbili nimeshazipeleka 15040 ile ya TCRA. Huyu akikamatwa msije mkaniletea wazee wa kunishauri nimsamehe, nataka alale Segerea, alale chini, na awe anaamshwa usiku kuulizwa namba tatu abonyeze ipi. Mshenzi mkubwa. Anaiba kwa watoto wa shule pia, kuna dogo wa form two kanitumia skrinshoti, maneno yaleyale, "bosi wangu".

Mnauliza dalili. Zilikuwepo bwana. Nilivyotuma hela jina lililokuja ni la mwanamke, nikajisemea ni la mkewe. Tena kila mara namba ya kupokelea hela ilikuwa nyingine. Na kubwa kuliko yote, kuchaji dimondi kunataka UID tu, mbona zile 100 na 310 ziliingia bila paswedi? Nilikuwa nalijua hilo! Anayetaka kuingia ndani ya akaunti ana lake jambo. Na kile kidirisha kikitokea na wewe hujalogini popote bonyeza hapana, hata kama anayekupigia ni malaika.

Jana usiku kwa simu ya mdogo wangu nimeingia kwenye profaili yangu. Yupo onlaini. Kavaa nguo zangu, kashika Cobra yangu, na kashanishusha toka daraja la Heroic, hata kucheza kwenyewe hajui. Mdogo wangu kamtumia ombi la urafiki, kalikataa.

Nimefungua mpya, leveli 4, nguo za bure. Nikiomba kurudi gildi nitawapigia mmoja mmoja msikie sauti yangu, ikija kwa meseji mkatae.