Dinosaria aliyesingiziwa wizi: tathmini ya kitabu cha watoto kuhusu viumbe wa kale

Ukurasa ulionivuta katika kitabu hiki ni ule wenye picha mbili za mnyama mmoja. Katika picha ya kwanza, dinosaria mwenye mdomo kama wa kasuku ananyemelea kiota kisicho chake. Katika ya pili, amekikalia kiota hichohicho, mikono ikiwa imekunjuliwa juu ya mayai kama mabawa ya kuku anayeatamia. Baina ya picha hizo kuna kisa cha kweli. Mwaka 1923, msafara wa Wamarekani ulioongozwa na Roy Chapman Andrews ulipata mifupa ya mnyama huyo juu ya mayai katika Jangwa la Gobi, nchini Mongolia. Wataalamu wakaamua kwamba alikuwa amekwenda kuyaiba, na mwaka uliofuata akapewa jina la Oviraptor, yaani mnyakuzi wa mayai. Ilipita miaka ipatayo 70 ndipo kiinitete, yaani mtoto ambaye bado hajaanguliwa, kilipopatikana ndani ya yai la aina ileile, nacho kikaonekana kuwa cha jamaa wa karibu wa huyohuyo aliyeitwa mwizi. Jina limebaki lilivyo, kwa sababu kanuni za kuwapa viumbe majina ya kisayansi haziruhusu jina lifutwe kwa sababu tu maana yake haimfai mwenye nalo. Mwanangu wa miaka 8 alihuzunika kwa dhati kusikia hivyo, akataka turudie ukurasa huo mara tatu.

Hadithi yenyewe ni nyepesi. Msichana wa miaka 10 na mdogo wake wa kiume wanafuatana na shangazi yao, mtafiti wa visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhika mwambani, na kila wanapolifungua daftari lake la kazini wanajikuta wamesimama katika zama zinazoelezwa humo. Ufundi huo wa kusafiri katika wakati si mgeni kwa msomaji yeyote wa vitabu vya watoto, wala sikuuona ukiongeza mengi. Kinachoipa hadithi uzito ni kwamba kila safari inaanzia kwenye kitu kinachoshikika: jino, unyayo uliogeuka jiwe, au kipande cha taya ambacho watoto hawaruhusiwi kukichomoa mpaka wakichore, wakipime na kuandika kimelala katika tabaka gani la mwamba. Kurasa nne nzima zinaeleza jinsi mfupa mkubwa unavyofungwa kwa plasta kabla ya kusafirishwa, kama ufungwavyo mguu uliovunjika, na sijawahi kuona kazi hiyo ikielezwa kwa watoto kwa utulivu na usahihi wa namna hiyo.

Michoro ni ya rangi za maji, mikubwa na yenye hewa, na mchoraji anastahili sifa kwa uaminifu wake. Chini ya picha nyingi limeandikwa neno "huenda": huenda ngozi ilikuwa ya kijivu, huenda waliishi kwa makundi. Penye ushahidi, neno hilo halipo. Sinosauropteryx, dinosaria mdogo mwenye manyoya, kwa mfano, amechorwa akiwa na mkia wenye mistari ya hudhurungi na nyeupe bila kusita, kwa kuwa mwaka 2010 watafiti walitangaza kwamba wamepata katika manyoya yake ya kale chembe ndogo zinazobeba rangi. Kwa dinosaria aitwaye Iguanodon, mchoraji amerudia utaratibu wa picha mbili: pembe iliyowekwa puani katika karne ya 19, na pembe hiyohiyo ikiwa imehamia kwenye kidole gumba, mahali pake halisi, baada ya mifupa kamili kupatikana mwaka 1878 katika mgodi wa makaa ya mawe huko Bernissart, Ubelgiji. Mtoto anayeziona picha hizo anaelewa, bila kuhubiriwa, kwamba mtaalamu hukosea na kisha hujisahihisha.

Kwa sababu hiyo, makosa mawili ya kitabu yaliniuma zaidi. La kwanza liko kwenye jalada lenyewe, ambapo dinosaria wawili, Stegosaurus na Tyrannosaurus, wanatazamana kana kwamba wanataka kupigana. Zaidi ya miaka milioni 80 iliwatenganisha viumbe hao. Tyrannosaurus yuko karibu nasi kuliko alivyokuwa karibu na Stegosaurus. Utepe wa wakati uliomo ndani unaonyesha jambo hilo vizuri kabisa, kwa hiyo jalada linapingana na kitabu chake.

La pili linahusu usalama wa watoto. Sura ya Mary Anning, aliyetafuta visukuku kwenye majabali ya Lyme Regis, Uingereza, ndiyo bora kuliko zote: inaeleza alivyofukua mifupa ya mtambaazi wa baharini alipokuwa na umri wa miaka 12 hivi, na inakiri kwamba Jumuiya ya Jiolojia ya London haikuwapokea wanawake kuwa wanachama hadi mwaka 1919, miaka mingi baada ya kifo chake. Haifichi pia kwamba mwaka 1833 jabali liliporomoka na kumuua mbwa wake mbele ya macho yake. Lakini sura mbili baadaye, mashujaa wetu wanajikinga na mvua chini ya jabali la aina hiyohiyo, peke yao, na hakuna mtu mzima anayewakanya. Ningependa toleo lijalo lirekebishe tukio hilo, hata kwa sentensi moja ya shangazi.

Maandishi ni makubwa, sentensi ni fupi, na faharasa ya mwisho inaeleza maneno magumu kwa lugha ya kawaida. Mtoto wa miaka 9 au 10 atakisoma mwenyewe. Aliye mdogo zaidi atahitaji msomaji kando yake, hasa katika sura ya kutoweka kwa dinosaria miaka milioni 66 iliyopita, ambayo ina giza jingi na imeandikwa vizuri sana. Sisi tuliisoma mchana.