Seti ya mkanda wa taimingi: nimeipima kwa tenshena yake

Seti hii ya mkanda wa taimingi, yaani mkanda wenye meno unaozifanya valvu zifunguke na kufungwa kwa wakati unaolingana na mwendo wa pistoni, nimeifunga katika injini ya petroli ya silinda 4. Ndani ya boksi mna mkanda, tenshena (kifaa cha kuukaza mkanda) inayojikaza yenyewe, puli moja ya kuuongoza mkanda na bolti mpya. Pampu ya maji haimo, na hiyo naihesabu kuwa kasoro kubwa kwa injini ambayo pampu yake huzungushwa na mkanda huohuo, kwa kuwa pampu ikianza kuvuja baadaye, kazi yote ya kufungua itarudiwa.

Mkanda niliouondoa haukuwa na ufa wala jino lililokatika, na mtu angeutazama kwa juujuu angesema bado unafaa. Hata hivyo, nilipoubonyeza kwa kidole ulizama kupita kiasi, na puli ya tenshena ya zamani nilipoizungusha kwa mkono ilikwaruza kama iliyoingiwa na mchanga. Ndiyo maana sishauri kamwe kubadilisha mkanda peke yake: mkanda mpya ukivutwa na springi ya tenshena iliyochoka unaweza kuruka meno, na katika injini ambayo valvu na pistoni hupita nafasi moja kwa zamu, kuruka huko kunaweza kuishia kwenye valvu zilizopinda.

Tenshena mpya ndiyo iliyonifanya niithamini seti hii. Ina kishale na pengo dogo kwenye bamba lake, na hurekebishwa injini ikiwa baridi: unalegeza nati ya katikati, unaizungusha tenshena kwa ufunguo wa pembe sita mpaka kishale kikae katikati ya pengo, kisha unaikaza nati huku umeishikilia isisogee. Mara 2 za mwanzo kishale kilihama nilipokaza nati, nikalegeza na kuanza upya. Kisha niliizungusha krankshafti (shafti inayozungushwa na pistoni) kwa mkono mizunguko 2 kamili, ambayo kwa kamshafti (shafti inayofungua valvu) ni mzunguko 1, na alama zote za taimingi zikarudi mahali pake bila kishale kutoka kwenye pengo.

Karatasi ya maelekezo hainiridhishi. Inaonyesha kishale vizuri, lakini haisemi kwamba upande wa mkanda usio na tenshena, yaani ule unaovutwa na krankshafti, lazima uwe umenyooka kabla ya tenshena kuachiwa, ili ulegevu wote ubaki upande wa tenshena. Asiyelijua hilo ataona alama zimelingana, kisha tenshena ikishauvuta ule ulegevu, kamshafti inaweza kuwa imehama kwa jino zima. Vilevile haionyi dhidi ya kukaza kupita kiasi, ingawa wapo mafundi wengi wanaodhani kwamba kadiri mkanda unavyokazwa ndivyo unavyokuwa salama. Mkanda uliokazwa kupita kiasi hulia injini ikishika kasi, na huzila beringi za puli na za pampu ya maji kabla ya wakati wake.

Baada ya kilomita 20,000 nilifungua kifuniko cha juu. Kishale kilikuwa bado ndani ya pengo, kingo za mkanda zilikuwa nzima, na hapakuwa na lile vumbi jeusi la mpira ambalo huonyesha kuwa mkanda unasuguana na kitu. Nitainunua tena seti hii, na pampu ya maji nitaitafuta kando.