Uzoefu wangu na programu ya kusahihisha Kiingereza, kwa sisi tunaoandika habari za timu

Mi naandika ripoti za mechi kwa Kiingereza, soka na basketi, na hii programu ya kusahihisha grama naipitisha kila ripoti kabla sijaituma. Spelingi na koma iko vizuri, sina neno. Shida ni timu.

Inakuja ikiwa imesetiwa Kiingereza cha Marekani, kwa hiyo ukiandika "Arsenal are winning" inapiga mstari inataka "is", wakati Waingereza timu ikiwa uwanjani wanaihesabu kama watu wengi, "England have scored", "Chelsea were poor", magazeti yao na watangazaji wao ndo wanavyosema. Nenda kwenye setingi weka Kiingereza cha Uingereza, mstari unaondoka. Ila hapo sasa inalegea mno, ukianza na "Arsenal is" halafu aya ya tatu ukaandika "Arsenal have" inanyamaza kabisa, na kwangu kuchanganya hivyo ndo kubaya kuliko kuchagua lolote kati ya hizo mbili.

NBA, ligi ya basketi ya Marekani, imenifurahisha jamani. "Boston is" maana umetaja mji, "the Celtics are", timu ya huko huko Boston, maana jina lenyewe ni la wingi, inajua, na hata Miami Heat na Utah Jazz, majina yasiyo ya wingi, iliniachia "are" bila kelele na ndivyo waandishi wengi wa Marekani wanavyofanya.

Inaponikera kwelikweli ni Spurs. Wako Spurs wa San Antonio na wako Spurs wa London, yaani Tottenham. Wale wa kwanza lazima uwatangulizie "the", hawa wa pili ni "Spurs are" basi, sawa na Wolves, yaani Wolverhampton. Programu inabandika "the" kote, na ukibonyeza kukubali zote kwa mkupuo ripoti yako ya Ligi Kuu ya Uingereza inasomeka kama ya mtu ambaye hajawahi kuifuatilia. Mi napitia moja moja, inachosha lakini ndo salama.

Habari za hela siilaumu: klabu ikitajwa kama kampuni, madeni, hisa, hata Uingereza magazeti mengi yanarudi kwenye "Manchester United has", na mashine itajuaje unaongelea ofisi au uwanja.

Basketi naipa nyota 4, soka 2. Wakiweka sehemu ya kuchagua mchezo unaouandikia ntaongeza.